Kapita Aliyefagia Ziwa

Watu hufagia nyumba, hufagia uani, wengine hufagia hata mbele ya kanisa ili padri awaone. Kapita alifagia ziwa.

Nasema Kapita kwa sababu hapa kwetu Kalundu, upande wa kusini wa Uvira, hakuna aliyemwita vinginevyo. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, siku ya kumzika mke wake. Padri alipolitaja niligeuka nimtafute huyo mgeni aliyefiwa pamoja nasi. Kapita alikuwa mkubwa wa wavutaji, kundi linalovua kwa wavu wa kuvuta. Mtumbwi unatoka na wavu, unauzungusha majini, unarudi na kamba ya pili. Watu wanajigawa, hawa kamba hii, wale kamba ile, wanavuta kwa visigino na matako mpaka mfuko wa wavu ulale mchangani. Ukingo wa chini una vyuma vya kuuzamisha. Kwa hiyo wavu ule unakwangua chini kabisa, na kila kilichoko chini kinapanda nao.

Haya yote nayajua kwa macho. Kamba sijawahi kuishika. Mimi ni mtu wa nyumbani: nilimaliza sekondari, nikapata diplome, nikaitundika ukutani palipokuwa na ufa, na tangu hapo diplome inafanya kazi kuliko mwenyewe. Nachaji simu za watu mlangoni kwangu, kwa paneli iliyo juu ya bati. Jua linafanya kazi, simu zinakula, mimi ninakaa. Kutoka mlangoni kwangu ufuko wote ulionekana, na ufuko ukionekana Kapita alionekana, na asipoonekana alisikika.

Alikuwa na sauti ya mtu anayegombana na mlima wa ng'ambo. Akiwa majini aliita, "Iko nzito!" na wavutaji wakajibu, "Iko yetu!" Aliita hata siku ambazo wavu ulikuja mwepesi kama chandarua. Nilimuuliza siku moja kwa nini anadanganya watu. Akaniambia, "Mutu akisikia iko nyepesi, anavuta na mukono moja."

Kila asubuhi alileta simu yake. Ilikuwa ndogo, ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na chaji yake ilikaa siku nyingi. Nadhani aliileta kwa ajili ya kunitukana kidogo kabla ya kazi.

"Weye mutu wa chaji, uko unafanya nini humo ndani?"

"Nachunga simu, Kapita."

"Simu zinakimbiaka?"

"Wezi je?"

"Mwizi akuje kwako, akuone umekaa hivi, atakuachia franga ya kununua dawa."

Akaenda zake, anacheka peke yake mpaka ukingoni mwa maji. Siku nyingine aliniambia kwamba nikiendelea kukaa nitaota mizizi, na watu watanikata wanichome niwe makaa. Nilimpenda sana. Mtu asiyetoka nyumbani anahitaji mtu wa kumletea dunia mlangoni, hata kama dunia yenyewe inakuja na matusi.

Usafi wake ulikuwa ugonjwa. Shati lake la kazi lilikuwa na viraka, lakini viraka vilipigwa pasi. Hakuweza kupita karatasi chini bila kuiokota. Mkewe, Mama Kapita, alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye asili ya Katogota kule bondeni. Alituambia kwamba mume wake akiota ndoto anaamka kwanza atandike kitanda, ndipo arudi kuimalizia. Tena alikuwa kapita wa wavuvi asiyekula samaki. Alikula maharage. Akiulizwa sababu alisema, "Fundi wa kaburi analalaka mu kaburi?"

Ndiyo maana, maji yalipokuwa meupe, miezi ya jua, kabla ya upepo wa kusini kuchafua, aliwapeleka watu wake kufagia chini. Hilo halikuwa neno la mzaha. Waliliita hivyo hivyo, kufagia. Walizama na vikapu, wakatoa mawe, matawi yaliyozama, vyungu vilivyopasuka, na zaidi ya vyote maganda ya konokono. Pale mbele yetu, mchanga ulipokuwa unaanza kuteremka, palikuwa na shamba zima la maganda hayo, matupu, yamelala kwa miaka ya mababu. Wavu ulipopita yaliukata nyuzi, na yalipofika ufukoni yaliwakata watu miguu. Kapita aliyachukia kama mama mwenye nyumba anavyochukia makombo. Yakatolewa kikapu kwa kikapu, yakarundikwa juu ya mchanga kama vichuguu vyeupe, na akina mama wakayachukua kuyaponda wawape kuku.

Ndani ya maganda mengi mlikuwa na visamaki. Vidogo, vya ukubwa wa kidole, rangi ya mchanga. Ukilitikisa ganda kilitoka kimoja, kikakutazama kama mtu uliyemfungulia mlango wa choo, kisha kikajaribu kurudi. Tulicheka. Hakuna aliyevila, havikutosha hata kunusa. Mimi mwenyewe, mwenye diplome, niliyechora samaki darasani pamoja na mapezi yake yote, nilicheka kuliko wengine.

Na ufuko wetu ukasifika. Wavu wa Kapita haukukwama. Wavutaji wa fukwe nyingine walikuja kuangalia jinsi unavyoteleza, wakaondoka na wivu. Kuhe wanene walikuja, baba na mama pamoja. Samaki huyo huchimba shimo mchangani, akaweka mayai, wakalilinda wawili mchana na usiku, na wavu uliwakuta wote wawili nyumbani. "Ndoa ya kanisa," Kapita alisema akiwaona wamelala bega kwa bega kwenye mfuko, "hata mu kifo hawaachanaki." Ngege walikuja. Mama mmoja wa Luvungi, aliyesafiri na mabeseni yake juu ya lori la mihogo, alituambia kwamba sokoni kwao watu waliuliza kwanza, hawa ni wa Kapita?

Nikikumbuka miaka ile naikumbuka kwa pua. Moshi wa samaki, maji ya sabuni, mafuta ya mawese yakiungua kidogo. Jumamosi baada ya kazi Mama Kapita aliwapikia wavutaji wote bugali na sombe ya majani ya mihogo, na mimi nilialikwa ingawa sikuvuta, eti kwa kuwa nilichosha macho. Walikaa mchangani kwa mistari kama bado wameshika kamba. Milima ya Burundi ilikuwa ng'ambo, ya buluu. Hakuna aliyeitazama.

Sijui ni lini hasa ufuko ulianza kukonda. Umaskini wa maji ni kama mvi, huoni siku unayoingia. Kuhe walipungua, halafu wakawa habari: fulani amepata kuhe! Ngege wakawa wadogo. Wavu ulikuja umeoshwa, safi, na Kapita akiupekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni kwa mara ya pili. Akatafuta mkosaji. Alilaumu upepo. Alilaumu taa ambazo wavuvi wa ng'ambo huvulia ndagala usiku. Alilaumu udongo mwekundu ambao mito huteremsha kutoka milimani mvua ikinyesha, na hapo alikuwa na haki kidogo, kwa maana udongo ule ulifunika mawe mengi. Wiki moja alinilaumu mimi.

"Hizi simu zako zote zinavuta moto mahali pamoja. Samaki anasikiaka."

"Kapita, moto unatoka ku jua."

"Ndiyo. Na jua linaangalia wapi? Mu maji."

Kitu kimoja hakukilaumu, nacho ni ufagio. Kinyume chake, samaki walivyozidi kupungua ndivyo alivyozidi kufagia. Alidhani chini hakujawa safi vya kutosha.

Kisha ziwa likapanda. Wote wa Uvira mnajua. Lilikuja polepole, mvua baada ya mvua, bila hasira, kama mgeni anayevuta kiti karibu kidogo kila ukigeuka. Lilimeza ufuko, likameza michikichi, likaingia safu ya kwanza ya nyumba. Ya Kapita ilikuwa safu ya kwanza: nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba viwili, na jiko lake pembeni, ambalo wavutaji walimjengea Mama Kapita kwa mikono yao. Mama Kapita hakuyaona hayo, alikuwa ameshatutoka.

Nilimwona Kapita, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akifagia maji nje ya mlango wake. Alifagia siku nzima. Maji yalitoka, yakazunguka, yakaingia. Jioni nilifanya jambo ambalo silifanyi: nilitoka nyumbani. Nikamshika mkono, nikamleta kwangu, kwenye chumba cha nyuma nilimokuwa nikihifadhi uvivu wangu. Alikikagua, akaomba ufagio.

Tuliishi hivyo. Goti lake lilianza kumkatalia, akamwachia wavu Bahati, mtu mzima mwenye watoto wengi, aliyeshika kamba yake tangu ujana wake. Kapita akabaki kuletewa habari. Nyumba yake ilikuwa imezama mpaka dirishani. Mabati alishayatoa, tofali za juu zikaanguka, kuta zilizobaki zikasimama humo chini ya maji.

Msimu wa maji meupe alikwenda kutoa fremu ya mlango, mti mzuri, aje auze. Alirudi bila fremu. Alikuwa amelowa mpaka kofia, na alikaa mlangoni kwangu muda mrefu bila kunitukana, nikaogopa.

"Kapita, uko mugonjwa?"

"Niko na balokatere," akasema.

"Wapangaji? Wapi?"

"Mu nyumba yangu. Wamejaa."

Akaniambia. Konokono walikuwa wanatembea ukutani, palipokuwa na picha ya ndoa. Kwenye tundu la komeo alikaa kisamaki rangi ya mchanga, amejilinda, anamtolea macho. Visamaki vile ambavyo hakuviona tangu shamba la maganda lilipokwisha vilikuwa katika nyufa za tofali, kila ufa na mwenyewe. Ngege alikuwa amechimba shimo lake katika pembe ya chumba cha kulala. Na kulikuwa na samaki mama mmoja ambaye, Kapita alipokaribia, alifungua kinywa, watoto wake wakaingia wote kama watoto wa shule mvua ikianza, akafunga.

"Wavu hauwezi kupita pale," akasema. "Kuta zinaukamata. Mahali pote nilipofagia haiko hata mumoja. Pale nilipoacha takataka yangu, ndiyo wameenda kuzaa."

Nikamwambia labda ni bahati tu.

"Weye nyamaza. Kuja uone."

"Nitaona mu picha. Simu ninazo nyingi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakucheka mzaha wangu. Alisema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Minye nilifikiri natengeneza. Kumbe nilikuwa nawatoa mu nyumba, na nyumba nawapa kuku."

Tangu siku ile alibadilika, lakini msidhani alikuwa malaika. Alikuwa msumbufu. Alikwenda kila siku kuwaangalia wapangaji wake, akarudi na habari zao kama jirani mbea: huyu amehama, yule amepigana, wa komeo ameoa. Bado alifagia chumba changu mara mbili kwa siku. Na aliendelea kula maharage, sasa kwa sababu nyingine.

Shida ilikuwa Bahati. Zile kuta zilizozama zilimkamatia wavu mara kwa mara, na kila ukipasuka wavutaji walikaa siku nzima wakiushona, njaa ikiwa pale pale. Kwingine kote samaki hakuna. Samaki wachache waliobaki walikuwa pale, kwa Kapita, na kila mtu alijua. Wavutaji wakakata shauri wabomoe kuta, watoe tofali, wapafagie kama walivyofundishwa.

Siku waliyokwenda na nyundo, Kapita alitoka mapema. Nikasikia sauti yake kutoka majini, ile ya zamani. Nikatoa simu zote kwenye chaji, nikafunga mlango, nikaenda. Nilivaa viatu. Kwa hilo wavutaji wananicheka mpaka leo.

Alikuwa amesimama maji yakimfika kifuani, mbele ya nyumba ambayo haikuonekana. Bahati alikuwa mbele yake, nyundo kubwa begani, na wengine nyuma yake.

"Kapita, tunakuheshimu," Bahati alisema. "Lakini wavu umepasuka tena. Na ni weye ulitufundisha: kitu kikiwa chini, kitoke."

"Nilifundisha vibaya."

Mmoja nyuma akapiga kelele, "Ndiyo unatuambia leo, na meno yetu yameisha!" Watu wakacheka. Bahati hakucheka.

"Batoto yangu hawatakula hiyo 'nilifundisha vibaya', Kapita. Watakula nini? Tofali?"

Nilimwona Kapita anamtazama Bahati usoni, na nadhani aliona njaa pale, kwa maana sauti yake ilishuka.

"Bahati, hii ni nyumba yangu, ao si yangu?"

"Iko mu maji, mzee!"

"Iko mu maji. Lakini nani kati yenu alishaingia kwangu bila kupiga hodi? Hata njaa ikiwauma?"

Mawimbi madogo yaliwapiga tumboni. Bahati alitazama milimani, akatazama nyundo, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyechoshwa na mtoto.

"Basi, hodi," akasema.

"Karibu. Mlango uko mbele yako. Inama."

Sasa, mtu akishapiga hodi akakaribishwa, atafanya nini? Bahati alimpa mwenzake nyundo, akaziba pua, akazama. Alikaa kule mpaka tukaanza kutazamana. Akaibuka anatema maji.

"Iko nini?" wakamuuliza.

Alijifuta uso. "Kuna mama mumoja. Amenifungulia kinywa, batoto wakaingia mule."

"Mukubwa?"

"Kama kiganja."

"Sasa ukamwacha?"

"Nilikuwa mugeni," Bahati alisema, na safari hii hata yeye alicheka, ila cheko fupi. Kisha akamgeukia Kapita. "Lakini mzee, wavu upite wapi? Nyumba yako imeziba njia. Tukizunguka mbali, kule ni jangwa. Tutakufa."

Nilijua ana haki. Kapita naye alijua. Aligeuka akatazama upande wa kushoto, ambako maji yalikuwa na kivuli cha kitu cha mraba, kidogo kuliko nyumba.

"Jiko litoke," akasema. "Vyumba vibaki. Jiko likitoka, wavu unapata njia."

Nusu ya wavutaji walizibeba tofali za jiko lile wenyewe, na wote walikula kilichotoka ndani yake. Bahati alisema taratibu, "Kapita, ile ni ya Mama."

"Najua ni ya nani. Leteni nyundo."

Hakutaka mtu amsaidie. Alitembea kwa goti lake bovu mpaka kwenye kile kivuli, akashika nyundo kwa mikono miwili, akapiga chini ya maji. Pigo la majini halina nguvu. Ilibidi apige, apumzike, apige. Ukuta ukianguka ndani ya maji haufanyi kelele. Unakaa chini polepole, kama mtu aliyechoka. Kila ulipokaa aliinama kuokota tofali, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Mutu wa chaji, pokea."

Nikaingia majini, nikapokea. Viatu vilijaa maji, suruali ililowa mpaka kiunoni. Nikauliza nizipeleke nchi kavu?

"Nchi kavu za nini? Weka pale, karibu na chumba. Kuna watu wanatafuta nyumba."

Bahati akaja bila kusema kitu, akasimama kati yetu, tofali zikapita mikono mitatu. Wengine wakafuata.

Jua lilipokuwa juu kabisa njia ilikuwa wazi. Mtumbwi ukazungusha wavu, ukarudi. Kwa vile ufuko wenyewe ulishamezwa, wavutaji walianza kuvuta wakiwa bado majini, kamba begani, wakirudi nyuma kuelekea nchi kavu. Kapita hakushika kamba. Alikaa juu ya tofali za jiko zilizorundikwa kando ya chumba, macho yake mekundu kwa maji au kwa kitu kingine, sikuuliza.

"Iko nzito!" akaita Bahati.

"Iko yetu!"

Mtu wa mwisho kwenye kamba ya kushoto aliona njia fupi, akakata moja kwa moja kuelekea mahali vyumba vilipokuwa, huku kamba ikimfuata. Bahati akamwona.

"Weye! Zunguka! Huko ni mu chumba ya mutu!"

Yule mtu akasimama, akatazama maji matupu mbele yake, akasema, "Ah, samahani." Akazunguka. Na wote wa kamba ile wakamfuata, kifua majini, mmoja nyuma ya mwingine, wakipinda pembe ambayo hakuna aliyeiona, kama watu wenye adabu wasiokata njia katikati ya uani kwa jirani.